Lengalenga si uchafu wa shamba

Mvua ya Septemba ikianza hapa Kivu, katikati ya mahindi lengalenga inaota yenyewe, hakuna aliyeipanda. Tunafanya nini? Tunapalilia, tunaitupa kando ya shamba, kisha jioni tunatoa mafranka kununua mboga sokoni. Sisi tunaona hiyo si akili. Wengine wanasema ni chakula cha masikini, lakini hao hao wakifika Goma wanainunua kwa mafungu!

Wakati huo maharagi ya msimu uliopita yanaisha, mapya bado. Lengalenga inakuwa tayari kwa wiki tatu ao ine tu, na ina vitamini A na madini ya chuma, ambavyo mama mjamzito na mtoto wanahitaji. Chumeni ile laini, mbele haijatoa maua. Ichemsheni kidogo, mumwage maji ya kwanza, kisha mupike na mawese, kitunguu na sambaza kidogo. Na bugali, mnajua wenyewe.

Jambo moja linatusumbua. Wamoja wetu wameanza kupuliza dawa ya kuua majani, sababu jembe linachosha. Tunaelewa. Lakini lengalenga iliyopulizwa inaweza kubaki kijani siku kadhaa, na mtoto anayetumwa kuchuma mboga hajui shamba gani limepata dawa. Kwa hiyo tunaomba kila koperative izungumze mbele ya kupalilia: nani anapuliza, wapi, siku gani. Na aweke alama ambayo hata mtoto asiyejua kusoma ataitambua.