Cheti cha bodi hakiishii Pugu

"Mkandarasi ukivuka Pugu kuingia Kisarawe, sharti ujisajili upya." Si kweli. Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, husajili kwa Tanzania Bara nzima. Cheti kinachokubalika Ilala kinakubalika Maneromango kule Kisarawe, na Maili Moja ya Kibaha pia. Marekani ndiko kila jimbo lina sheria yake. Kwetu mpaka wa namna hiyo uko baharini: Zanzibar ina utaratibu wake.

"Kumbe halmashauri haina la kuniuliza." Inalo. Kibali cha ujenzi ni chake, Kibaha kivyake na Kisarawe kivyake, na huhusu kiwanja na michoro. Bodi inauliza nani anajenga. Halmashauri inauliza nini kinajengwa, na wapi. Ukifungua ofisi huko, leseni ya biashara nayo ina meza yake.

"Nina BRELA na TIN, mimi ni mkandarasi." Hapana, wewe una kampuni na namba ya mlipakodi. Hakuna kati ya waliokupa hivyo aliyekuuliza kama una mtaalamu anayejua nondo ngapi ziingie kwenye nguzo. Bodi huuliza, kisha hukupa aina ya kazi na daraja, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Wa majengo hageuki wa barabara kwa sababu tu greda limepatikana.

"Mbona madarasa ya fedha za UVIKO ya 2021 yalijengwa na mafundi wa mtaani?" Hoja hii ina uzito kuliko zote, maana wengi waliyaona kwa macho. Lakini pale taasisi ilijijengea yenyewe: ilinunua vifaa, ikaajiri mafundi, na usimamizi ukabaki mikononi mwake. Fundi aliuza ufundi, hakuuza ukandarasi. Fundi maiko anayechukua mkataba mzima kwa jina lake hawezi kujificha humo.

"Basi nitaazima cheti cha jamaa." Huyu anajua sheria kuliko wote waliotangulia, ndiyo maana anaikwepa. Bango litasomeka jina la jamaa huku zege linamwagwa na mwingine. Ukuta ukipasuka, atakayetafutwa kwanza ni yule wa kwenye bango, ambaye pengine hata kiwanja hajawahi kukiona. Na jamaa anayekubali kukiazimisha cheti chake, kwa maoni yangu, ana kosa kubwa kuliko mwazimaji.