Sindano Ziko Sawa, Lakini Glavu za Kupima Presha Ni za Nini?

Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa ya maji ya plastiki haikubaliwi kuingia mbuga ya Mlima Elgon. Sasa shuka huku Saboti uingie kliniki. Glavu, sindano, mipira ya dripu, makaratasi ya kufungia dawa: zote plastiki, zote zinatumika mara moja tu. Marufuku ya juala ya Agosti 2017 haikuzigusa.

Sindano hatugusi, tuelewane. Sindano moja, mtu mmoja. Msee akikuambia ichemshwe itumike tena ndio tuokoe mazingira, mkimbie.

Noma iko kwa glavu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kupima presha au joto, hata kudunga mtu sindano ya kawaida, hakuhitaji glavu kama hakuna damu wala hatari ya maambukizi. Mikono iliyooshwa fiti inatosha. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street kule London ilianza kufunza manesi hivyo mwaka wa 2018, na kwa mwaka mmoja ikapunguza tani 21 za plastiki.

Na hao wako na doh. Huku kwetu kuna mama anaenda kujifungua na anaambiwa apitie duka la dawa kwanza anunue glavu zake. Kila pea inayovaliwa bure kupima presha ni pea inakosekana leba.

Halafu kuna mapipa. Kulingana na WHO, asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni taka za kawaida tu, kama za kwako nyumbani. Ndio maana kuna rangi: pipa jeusi la taka za kawaida, la njano la vitu vya maambukizi, na sindano ziko na boksi yake. Lakini mtu akirusha bandeji ya damu kwa pipa jeusi, hilo pipa lote sasa ni hatari. Zikichomwa kienyeji nyuma ya kliniki, mipira ya PVC inatoa dioksini, sumu ya kuleta saratani. Moshi hauulizi nani ni mgonjwa na nani ni jirani. Na sindano ikipotea njia ifike jaa la Machinjoni pale Kitale, wa kwanza kudungwa ni kijana anayeokota chupa akauze.

Sheria ya taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka. Zahanati za umma ni za kaunti, na kuzoa taka pia ni kazi ya kaunti, so Trans Nzoia haina mtu wa kusukumia lawama. Mkiitwa mkutano wa bajeti, wasee wa Matisi na Kinyoro, ulizeni tu hivi: glavu zilizonunuliwa mwaka huu ni ngapi, na ngapi zilifika leba?