Mshika Mwendo Naye Astahili Heshima

Muhula huu limezuka wazo kwamba mbio zetu za nyika za kila mwaka zisikimbiwe tena na shule nzima, ila na wale wachache walio hodari tu. Sababu inayotolewa ni kwamba wanafunzi wengi hushindwa njiani, wakarudi wakitembea, na chakula cha mchana kikachelewa kwa ajili yao. Mimi sikubaliani na wazo hilo. Naona dawa ya wanaoshindwa njiani si kuwaondoa katika mbio, bali ni kuwapa mtu wa kuwashikia mwendo.

Pengine baadhi ya wasomaji hawajui mshika mwendo ni nani. Katika mbio za marathoni, ambazo urefu wake ni kilometa 42 na meta 195, mara nyingi huwako wakimbiaji wa kujitolea ambao hawakimbii ili washinde. Kila mmoja hubeba kibendera kilichoandikwa muda, mathalani dakika 240, na kazi yake ni kufika mwisho kwa muda huo huo. Anayetaka kumaliza kwa dakika 240 humfuata yeye. Ili wafike kwa muda huo, sharti wapite kila kilometa kwa dakika 5 na sekunde 41, ile ya kwanza sawasawa na ile ya arobaini. Mtu wa kazi hii huchaguliwa miongoni mwa wale wawezao kukimbia kwa kasi zaidi ya muda wa kibendera chake, maana hawezi kuwatuliza wenzake ikiwa yeye mwenyewe anahema. Akifika dakika 10 kabla ya wakati hastahili sifa, bali lawama, kwa kuwa amewachosha waliomwamini.

Asiyezoea mbio ndefu hukosea mwanzoni. Filimbi ikilia, damu humchemka, naye huondoka kama anayefukuzwa na nyuki. Mwili wa binadamu una akiba ya sukari katika misuli na katika ini, na mwenye kwenda kasi kupita kiasi huimaliza upesi. Ndiyo sababu wakimbiaji wengi wa marathoni huishiwa nguvu karibu na kilometa ya 30. Sisi mbio zetu ni za kilometa 8 tu, na akiba hiyo haiishi, lakini pumzi huisha na miguu huwa mizito kama magogo. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mshika mwendo yupo ili mwenziwe asiufikie ukingo huo.

Wako wanaodhani kwamba kumfuata mtu ni udhaifu. Hao nawaomba wawatazame mabingwa. Tarehe 6 Mei 1954, huko Oxford, Uingereza, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alitumia dakika 3 na sekunde 59.4. Hakukimbia peke yake. Chris Brasher alimtangulia mwanzoni, kisha Chris Chataway akashika nafasi hiyo. Mwaka 2019, mjini Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alimaliza kilometa za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akisaidiwa na washika mwendo 41 waliopokezana zamu. Baadhi yao walikuwa mabingwa wenye medali zao wenyewe. Ni kweli kwamba muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na kupokezana huko ni sababu mojawapo. Lakini sisi hatutafuti rekodi ya dunia. Twatafuta kila mwanafunzi afike.

Wengine husema kwamba mtu akiwashikia wenzake mwendo atasahau kushinda. Jibu lao ni yule yule Brasher. Miaka miwili baada ya kumsaidia Bannister, alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne, katika mbio za meta 3,000 za kuruka vizuizi na maji. Na Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, alitangulia mbele tangu mwanzo hadi mwisho wa meta 1,500, akavunja rekodi ya dunia. Tena John Walker, aliyemfuata wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Bayi alikuwa anashindana naye, wala hakukusudia kumsaidia. Basi ikiwa mpinzani aweza kuvutwa hivyo, rafiki atavutwa mara ngapi?

Nasema haya kwa kuwa nimeyafanya. Kwa miaka miwili nimewashikia mwendo wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wa bweni letu. Kilometa ya kwanza hunung'unika kwamba twaenda kama konokono, hali wenzao wanatoweka mbele kwa vumbi. Mimi huwauliza maswali madogo madogo. Awezaye kunijibu sentensi nzima yuko salama. Anayejibu kwa neno moja yafaa apunguze. Tukifika mlimani twaanza kuwakuta wale waliotutoroka, wameshika viuno. Mwaka jana palikuwa na kijana ambaye mara ya kwanza alishindwa kabla ya kuvuka daraja. Safari hii alifika, akawa wa 140. Wiki nzima aliitaja namba ile kama mtu aliyepewa kikombe.

Lakini siku ile ile bweni letu lilikosa alama, kwa sababu alama hupewa 20 wa kwanza tu, nami sikuwa miongoni mwao. Wenzangu wengine waliniambia nimelisaliti bweni. Siwalaumu, maana ndivyo kanuni ilivyo. Ila kanuni inayomfanya anayewafikisha watu 12 aonekane msaliti yafaa itazamwe upya.

Kwa hiyo naleta shauri langu. Kwanza, shule nzima iendelee kukimbia, isipokuwa wagonjwa. Pili, wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne waombwe kujitolea, wapewe vibendera vya kitambaa vya dakika 48, 56 na 64, yaani dakika 6, 7 au 8 kwa kila kilometa. Saa za mkononi twaweza kuwaazima walimu wetu. Tatu, 20 wa kwanza wabaki na alama zao, lakini kila bweni lipate pia alama moja kwa kila mwanafunzi anayemaliza kwa dakika 64 au chini yake, na mshika mwendo anayefika kwa wakati wake ahesabiwe sawa na mshindi wa kumi.

Kuhusu chakula cha mchana, hesabu ni nyepesi. Anayetembea kilometa 8 hutumia saa moja na nusu au zaidi. Anayefuata kibendera cha mwisho atafika kwa saa moja na dakika 4. Wali hautapoa.

Wazazi wetu hawakutuleta hapa ili wachache wakimbie na wengi wakae kando wakipiga makofi. Polepole ndio mwendo, lakini hata polepole ina kipimo chake, na asiyekijua yafaa aonyeshwe na anayekijua. Namwomba Mwalimu wa Michezo alifikirie shauri hili kabla ya mbio za mwaka huu. Kibendera cha dakika 64 nitakibeba mimi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne