Mtoto Analia, Kumbe Gemu Ndiyo Mbovu

Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe.

Likizo ya Desemba kijana wetu wa miaka 12 alinunua gemu ya kuchezea kwenye televisheni. Nusu ya fedha aliipata kwa kumsaidia shangazi yake dukani, nusu tukamwongezea sisi. Siku tatu nyumba ilikuwa na amani. Siku ya nne, tukiwa jikoni, tulisikia kishindo kisha kilio. Alikuwa amekitupa ukutani kile kishikio cha kuchezea. Baba yake, ambaye hapendi kelele wakati wa taarifa ya habari, aliichukua mashine yote akaifungia kabatini kwa wiki mbili. Nasi tulimuunga mkono. Tukasema yale ambayo akina mama wengi mnayajua: hizi gemu zinaharibu watoto, na hasira hizo umezitoa wapi?

Mtoto alijaribu kueleza. "Mama, inaganda. Nikifika darajani inaganda, halafu inafuta vyote nilivyocheza." Hatukumsikiliza.

Sikukuu ya Mwaka Mpya akaja binamu yake anayesoma chuo, na kabati likafunguliwa kwa heshima ya mgeni. Kijana yule mpole alicheza mpaka darajani. Ikaganda. Akarudia mara tatu mbele ya macho yetu, na mara zote tatu ikaganda pale pale. "Shangazi," akatuambia, "hapa mtoto hana kosa. Wameuza kitu ambacho hakijaisha."

Tuliona aibu. Fundi cherehani angetuuzia gauni ambalo mkono mmoja haujashonwa, tungekuwa mlangoni kwake kabla hajafungua, na hakuna ambaye angetuambia tumeharibika tabia.

Tukamwomba binamu atueleze inakuwaje kitu kibovu kiuzwe kwa bei kamili. Zamani, alisema, gemu iliuzwa ndani ya kaseti, na kasoro iliyokuwamo ilibaki humo siku zote. Siku hizi marekebisho hushushwa kwa intaneti, hivyo wakubwa wa kampuni hupata kishawishi cha kuuza kwanza na kutengeneza baadaye. (Na bando la kushushia hayo marekebisho, mama ndiye mnunuzi.)

Akatupa mfano ambao ulitangaa dunia nzima. Kampuni ya CD Projekt ya nchini Polandi ilitangaza mwaka 2012 kwamba inatengeneza gemu iitwayo Cyberpunk 2077. Hiyo ni ya watu wazima, mama, usiilete nyumbani kwa ajili ya mtoto. Watu waliisubiri miaka minane. Mwaka 2020 iliahirishwa mara tatu, na ilipotoka tarehe 10 Desemba ilikuwa imekwisha kuagizwa na watu milioni 8. Kwenye mashine za zamani kidogo, yaani PlayStation 4 na Xbox One, ambazo watu wengi walikuwa nazo, ilikuwa inakwama, inajizima, na picha zake zilikuwa na ukungu. Wachambuzi walikuwa wamepewa mapema ile ya kompyuta tu, iliyokuwa nafuu, kwa hiyo wanunuzi hawakuonywa.

Siku chache baadaye kampuni iliomba radhi. Kabla wiki mbili hazijaisha, Sony iliiondoa gemu hiyo kwenye duka lake la intaneti na kuahidi kuwarudishia fedha waliotaka. Haikurudi dukani humo mpaka Juni 2021. Marekebisho makubwa yaliendelea hadi Septemba 2023, na wengi waliocheza baada ya hapo waliisifu. Lakini yule aliyelipa siku ya kwanza alilipia kazi ya miaka mitatu mbele.

Jambo lililotugusa zaidi ni la wafanyakazi. Oktoba 2020, gemu ilipoahirishwa tena, baadhi yao walitumiwa vitisho vya kuuawa. Ni watu ambao wakati huo walikuwa wakiagizwa kufanya kazi siku sita kwa wiki! Januari 2021 mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Marcin Iwiński, alijitokeza kwenye video akaomba mafundi wasilaumiwe, kwa kuwa uamuzi wa kuitoa gemu ulikuwa wa viongozi, yeye akiwa mmojawapo. Tunaona alichelewa, ila angalau alitaja nani alaumiwe.

Basi nasi tulimwita kijana wetu sebuleni, baba yake akiwapo, tukamwomba msamaha. Kuhusu kishikio tulimwambia bado ana kosa, na bado atasaidia kukilipia. Akakubali. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mtanisaidia?"

Tulikwenda naye dukani. Muuzaji alituonyesha risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Akina mama wengi tukisoma maneno hayo tunageuka kurudi nyumbani. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na maandishi ya kwenye risiti hayawezi kuifuta haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Hata duka kubwa la gemu za kompyuta la Steam lilitozwa faini ya dola milioni 3 za Australia mwaka 2016, kwa kuwapotosha wanunuzi wa nchi hiyo kuhusu haki yao ya kurudishiwa fedha. Steam yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 2015 kuwarudishia wateja fedha, mradi waombe ndani ya siku 14 na wawe wamecheza chini ya saa mbili. Kama watoto wako hununua huko, kumbuka hizo saa mbili.

Muuzaji wetu, baada ya mabishano yasiyo marefu, alikubali kutubadilishia kwa gemu nyingine ya bei ndogo. Fedha iliyozidi hakurudisha.

Jioni ile tulimkalisha mtoto aandike barua kwa watengenezaji. Rasimu ya kwanza ilijaa matusi, tukaichana. Ya pili ilikuwa na mistari sita: jina la gemu, aina ya mashine, siku aliyoinunua, mahali inapoganda, imeganda mara ngapi, na anachoomba. Binamu akaitafsiri na kuituma pamoja na picha za video alizopiga kwa simu.

Tunapoandika haya ni wiki ya tano. Hawajajibu. Kila Ijumaa akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, anauliza kama barua imekuja.