Chombo Hakiendi ila kwa Nyenzo

Hapana askari aliyefuzu asiyejua kwamba bunduki husafishwa hata siku ambayo haikufyatua risasi. Kanuni hiyo ndiyo tutakayo kuikumbusha leo, lakini kwa habari ya meli.

Sisi tukaao Kigali, mbali na bahari, twaweza kudhani kwamba neno chelezo halituhusu. Sivyo. Bidhaa zetu nyingi hupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Na magharibi ya nchi yetu liko Ziwa Kivu, ambako askari wetu hufanya doria na raia husafiri kwa mashua.

Chelezo ni mahali ambapo meli hutolewa majini ili itengenezwe. Kiko chelezo cha shimo: meli huingia, lango hufungwa, maji hutolewa kwa pampu, nayo meli hukalia magogo yaliyopangwa chini ya mkuku wake. Kiko pia cha mteremko, ambapo meli huvutwa hadi nchi kavu. Hapo kutu hukwanguliwa, unene wa mabamba hupimwa, rafadha na usukani hukaguliwa, na rangi mpya hupakwa. Mengi ya hayo nahodha hawezi kuyaona meli ikiwa inaelea, hata awe hodari namna gani. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa SOLAS wataka sehemu ya chini ya meli ya mizigo ikaguliwe angalau mara 2 katika kila miaka 5, na muda kati ya ukaguzi na ukaguzi usizidi miezi 36.

Historia ya maziwa yetu yatupa somo. Meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la von Götzen, Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894. Ililetwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mafundi wale walikuwa wakirudi nyuma vitani, hata hivyo hawakuiacha kazi ya matunzo.

Wako wasemao kwamba chelezo ni hasara, kwa kuwa meli hukaa majuma bila nauli. Twawajibu kwa mfano wa MV Victoria ya Ziwa Viktoria: ilisimama mwaka 2014, ikarudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Majuma machache ni nafuu kuliko miaka 6. Jirani zetu Watanzania wamelitambua hilo, wakajenga chelezo kipya Mwanza.

Lakini chelezo cha Mwanza hakiwezi kuisaidia mashua ya Kivu. Maji ya Kivu hutoka kwa Mto Ruzizi, wenye maporomoko na mabwawa ya umeme, wala hapana meli iwezayo kupita humo kwenda Tanganyika. Chombo cha Kivu hakina budi kutunzwa Kivu. Kwa hiyo twaona kwamba kila fedha inapotengwa kwa ajili ya gati za Rubavu, Karongi au Rusizi, fungu la chelezo na la mafundi wake litengwe pamoja nayo.

Hata hivyo tusijidanganye. Chelezo hakiponyi tamaa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Oktoba 2024 mashua iliyojaa kupita kiasi ilipinduka karibu na gati ya Kituku, Goma, katika Ziwa Kivu hilihili, na makumi ya watu wakapoteza maisha.

Hapo ndipo kazi ya askari inapoanza. Siku ya ukaguzi ikifika, mwenye chombo ataomba safari moja zaidi. Atataja abiria wanaongoja na mizigo itakayooza. Yatupasa kumkatalia kwa adabu, lakini tumkatalie. Wahenga walinena kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kwanza ni matunzo. Ya pili ni askari asiyekubali kufumba jicho.