Wadaiwa wa Gikondo, Twendeni Pamoja



Kukopa si aibu, na mwenye deni, ajapochelewa kulipa, hapotewi na haki yake mbele ya sheria; lakini aghalabu sisi, kwa kuona haya mbele ya jirani, hunyamaza tunapodhulumiwa, na kimya chetu ndicho rasilimali kubwa ya mwia mdhalimu.

Tazameni mambo ya hiyo iitwayo Banque Lambert, ambayo si benki bali ukopeshaji wa riba usio na leseni. Mtu aliyefikwa na dharura, mtoto kalazwa au kodi ya nyumba imewadia, humwendea mkopeshaji asiye na leseni, naye, kabla ya kuhesabu faranga moja, humwekea mezani karatasi isiyotaja mkopo wala riba, bali isemayo kuwa fulani ameuza pikipiki yake, au nyumba yake, na thamani amekwisha kuipokea kamili. Saini hutiwa, mashahidi huandika majina yao. Na siku ya ahadi ikipita, mkopeshaji hadai tena deni, hudai mali aliyoinunua.

Ama kwa taasisi zenye leseni, iko Sheria ya Rwanda nambari 017/2021 ya tarehe 3 Machi 2021, imlindayo mtumiaji wa huduma za fedha: gharama na masharti yabainishwe kabla ya saini, na mwenye malalamiko amwendee kwanza mkopeshaji mwenyewe, kisha Benki Kuu ya Taifa, wala mlango wa mahakama haukufungwa. Wakopeshaji wasio na leseni washtakiwe kwa RIB, ofisi ya upelelezi wa makosa ya jinai.

Basi nawasihi, kila kimina chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kitenge kikao kimoja, watu walete mikataba, stakabadhi na ujumbe wa malipo uliomo katika simu, tuvipange kwa majina ya wakopeshaji; na watakaoonekana wametozwa ada ile ile isiyotajwa waandike lalamiko moja lenye saini za wote, kisha twende pamoja MAJ, ofisi ya msaada wa sheria wilayani Kicukiro, ambako ushauri wa sheria haulipiwi, tukaulize jinsi ya kufungua daawa. Hata mjane aliyemdhamini marehemu mumewe katika mkopo asiende peke yake.

Nawe uitwaye kushuhudia mauzo yasiyokuwako, kataa. Na ikiwa jina lako limo tayari katika hati ya namna hiyo, fuatana nasi ukaseme kweli mbele ya hakimu, maana wewe ndiwe uliyeona kuwa siku ile hapakuuzwa kitu.