Kufilisika na Kufilisiwa: Hoja ya Nyumba ya Quinn

Shina moja la neno katika Kiswahili limezaa watu watatu ambao hawaketi pamoja kwa hiari yao. Yupo muflisi, ambaye mali yake imekwisha. Yupo mfilisi, ambaye huja kuikusanya na kuiuza. Na yupo aliyefilisiwa, ambaye hudai kwamba mali yake haikwisha bali ilichukuliwa. Neno lenyewe lina udugu na fulusi za Waarabu, na wanachuoni wa lugha ile hueleza kuwa muflisi ni mtu ambaye alimiliki dirhamu akashuka hata kumiliki senti za shaba tu. Baina ya kufilisika na kufilisiwa ipo silabi moja. Walakini jambo linalobebwa na silabi hiyo limegombewa katika nchi ya Ayalandi kwa miaka zaidi ya kumi, mahakamani na magazetini, makanisani na njia panda.

Mtu anayegombewa ni Seán Quinn. Mwaka 1973 alianza kuchimba changarawe katika shamba la jamaa yake karibu na Derrylin, wilaya ya Fermanagh, upande wa mpaka ulio chini ya Uingereza. Changarawe ilizaa saruji, na pamoja nayo zikaja hoteli, kampuni ya bima na vioo. Mwaka 2008 jarida la Forbes lilimhesabu kuwa tajiri wa kwanza wa Ayalandi, mwenye mali ipatayo dola bilioni 6. Haifai kuyapita mambo haya kwa haraka. Mahali pale palikuwa pa mashamba madogo yenye udongo mzito, mpaka ulikuwa na askari na mabomu, na vijana walikuwa wakifunga mizigo kwenda Uingereza na Marekani. Quinn aliwapa maelfu ya watu kazi katika nchi ambayo serikali mbili, ya Dublin na ya London, zilikuwa zimeizoea kuwa maskini. Mtu anayelikana jambo hilo hastahili kusikilizwa katika mengine.

Maangamizi hayakutoka katika saruji. Yalitoka katika benki moja ya Dublin, Anglo Irish Bank, ambayo ilikuwa ikikopesha wajenzi na wanunuzi wa majumba kana kwamba bei ya ardhi haijui kushuka. Quinn aliipenda benki hiyo. Hakununua hisa zake kwa njia iliyozoeleka, ambayo mtu hulipa thamani na kuandikwa jina lake, bali kwa mikataba ya tofauti ya bei. Mwenye mkataba wa namna hii huweka sehemu ndogo tu ya thamani. Bei ikipanda hupewa ziada, ikishuka hudaiwa upungufu, na hudaiwa siku ile ile. Kuiita biashara ni kuliheshimu mno jambo lenyewe. Ni kamari yenye karatasi nzuri. Kwa njia hii, pasipo watu wa sokoni kujua, dau lake lilifikia karibu asilimia 28 ya benki nzima. Hisa iliyouzwa kwa zaidi ya yuro 17 mwaka 2007 ilikuwa na thamani ya senti 22 katika Januari 2009. Kila iliposhuka alidaiwa, na kila alipodaiwa alikopa, na mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Anglo yenyewe.

Katika Julai 2008 lilifanyika jambo ambalo lapaswa kusomwa pole pole. Benki iliogopa kwamba dau la Quinn likifunuliwa na kuuzwa ghafula, bei ya hisa itaanguka kabisa. Basi iliwakopesha wateja wake kumi kiasi cha yuro milioni 450 ili wanunue asilimia 10 ya hisa za benki, na ikawakopesha mke na wana wa Quinn ili sehemu nyingine, karibu asilimia 15, iandikwe majina yao. Mwuza samaki anayewapa watu fedha wamnunulie samaki wake, ili soko lidhani kuwa wanatakiwa, hana wanunuzi. Ana samaki wanaooza na fedha zilizotoka nje.

Yaliyofuata yajulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008 serikali ya Ayalandi ilitoa dhamana kwa madeni ya mabenki yake, jumla ya yuro bilioni 440. Katika Januari 2009 Anglo ikawa mali ya umma. Peke yake ilimeza karibu yuro bilioni 30, katika nchi ya watu wasiofika milioni 5, na kufikia mwisho wa mwaka 2010 nchi ilikuwa imepokea mkopo wa wokovu wa yuro bilioni 85 wenye masharti ya kukata mishahara, posho na huduma.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kwanza dhidi ya wanaomtetea Quinn, na ni ajabu jinsi wanavyoiruka. Husema: Benki ilimpora. Ilipeleka mfilisi wake katika Aprili 2011, ikatwaa viwanda alivyovijenga kwa mikono yake, ikamwacha na deni la yuro bilioni 2.8. Naam, lakini benki hiyo katika Aprili 2011 ilikuwa nani? Hawakuwa tena wakurugenzi wenye suti waliocheza naye dau. Aliyekuwa akidai alikuwa mwalimu wa Galway aliyepunguziwa mshahara, na mjane wa Cork, na hata mwashi wa Cavan aliyesimama barabarani na bango la kumtetea Quinn. Mdai alikuwa amebadilika, na mdaiwa aliendelea kupigana na mdai wa zamani, aliyekwisha kuondoka na marupurupu yake.

Kwa hivyo mkutano wa Ballyconnell, wilaya ya Cavan, wa Julai 2012 ulikuwa na huzuni ndani yake ambayo wasemaji hawakuitambua. Maelfu walihudhuria. Walikuwamo makocha mashuhuri wa mpira wa Kiayalandi na padre anayejulikana nchi nzima. Walikuja kwa shukrani, na shukrani ni adabu njema. Hapana jamii inayoweza kudumu bila hiyo. Lakini shukrani ni deni la mtu kwa mtu. Haiwezi kulipwa kwa fedha za mtu wa tatu. Mfanyakazi aliyeajiriwa miaka thelathini ana haki ya kumwombea tajiri wake, kumtembelea, kumpa nyumba ya kulala; hana uwezo wa kumsamehe deni linalodaiwa na watu wa Kerry na Donegal ambao hawakupata kulionja hata tonge moja la neema ile. Nao walilipa. Kampuni ya bima ya Quinn ilipotiwa chini ya wasimamizi wa mahakama katika Machi 2010, upungufu wake ulihitaji kuzibwa, na kuanzia Januari 2012 kila mwenye bima ya gari au nyumba katika nchi nzima alitozwa asilimia 2 juu ya malipo yake. Kijana aliyenunua gari kuukuu huko Kerry alichangia, ijapokuwa hakujua Derrylin iko wapi.

Watetezi wana hoja bora kuliko hiyo, na ni haki kuitaja kwa nguvu zake zote. Nyumba ya Quinn ilisema mbele ya mahakama kwamba yuro bilioni 2.34 za mikopo ile zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa benki haikopeshi watu ili kuitegemeza bei ya hisa zake yenyewe. Dai hili si upuzi. Laiti lingesimama peke yake, lingekuwa na heshima. Lakini wakati dai likingoja kusikilizwa, majengo ya nchi za nje, katika Urusi, Ukraini, Bara Hindi na kwingineko, yenye thamani iliyokadiriwa kuwa yuro milioni 500, yalikuwa yakihamishwa mbali na mkono wa mdai. Jaji Elizabeth Dunne aliona katika mwaka 2012 kwamba amri ya mahakama ilidharauliwa. Mwana alifungwa Julai, baba akafungwa Novemba kwa majuma tisa, na mpwa hakutokea siku ya hukumu, akabaki upande wa kaskazini wa mpaka. Basi wasemao kwamba Quinn alifungwa kwa sababu ya deni wanakosea, tena wanakosea mahali penye umuhimu. Mtu anayeamini kwamba sheria iko upande wake huisubiri. Mtu anayeuhamisha mlango huku akimwita jaji aje kuamua nyumba ni ya nani, amekwisha kumjibu jaji kwa niaba yake.

Hata kufilisika kwake kulifanyika mara mbili. Alijitangaza muflisi Belfast katika Novemba 2011, ambako sheria ilimfungua mtu baada ya mwaka mmoja. Benki ikapinga, jaji akaona kwamba kazi zake zilikuwa zikiendeshwa kutoka Ballyconnell, kusini, akaibatilisha amri. Na Januari 2012 akatangazwa muflisi Dublin. Mpaka uliokuwa umewatesa watu wa wilaya zile kwa miaka mingi ulipata siku hiyo mtu wa kuutumia kama kivuli cha mti, akaketi upande ambao jua halijafika.

Hayo yatosha kumhusu Quinn. Ikiwa makala hii ingeishia hapa, ingekuwa imewatendea wema watu wasiostahili. Wako Dublin waungwana waliofurahi kumwona mchimba changarawe akiingia gerezani, kwa sababu alipoingia yeye ilionekana kwamba haki imetendeka. Tazama tarehe. Mdaiwa alikuwa ndani mwaka 2012. Wakubwa wawili wa benki, waliopatikana na hatia mwaka 2014 kwa mikopo ya wale wateja kumi, walihukumiwa saa 240 za kazi za kuitumikia jamii; kwa mikopo ya watu wa nyumba ya Quinn hawakupatikana na hatia. Seán FitzPatrick, mwenyekiti wa zamani, aliachiwa huru katika kesi hiyo, na akaachiwa tena mwaka 2017 katika kesi ya kuwadanganya wakaguzi wa hesabu, baada ya jaji kusikia kwamba wapelelezi wa serikali waliwafunza mashahidi na kwamba ofisa mmoja alizichana hati. David Drumm, mkurugenzi mkuu, alikuwa amekwenda Marekani. Hakurudishwa hata mwaka 2016, na kifungo chake cha miaka sita kilitolewa mwaka 2018, miaka kumi baada ya tendo. Tendo lenyewe lilikuwa yuro bilioni 7.2 zilizozungushwa baina ya Anglo na kampuni nyingine mwaka 2008, zionekane katika hesabu kuwa ni amana za wateja. FitzPatrick alifariki mwaka 2021 akiwa mtu asiye na hatia mbele ya sheria, na yapasa kumwita hivyo; lakini serikali isiyoweza kuendesha mashtaka yake pasipo kuzichana hati zake yenyewe haina sauti ya kumwambia mtu wa Cavan kwamba sheria ni moja kwa wote.

Ni katika hali hii ndipo Waziri wa Fedha, Brian Lenihan, alipoliambia taifa kupitia televisheni mwaka 2010 kwamba sherehe ile ilikuwa ya wote. Waziri alikuwa mgonjwa sana na alifanya kazi kwa ushujaa, na maneno ya mtu mchovu hayafai kunyongewa. Lakini maneno hayo yaliokotwa na watu wasio wagonjwa, wakayafanya falsafa. Sote tulikopa, sote tulikula, basi sote tulipe. Neno sote ni pana kama kanzu ya kuazima: huwafunika wengi, na aliye chini kabisa ya pindo haonekani. Nani aliyekopeshwa mamilioni anunue hisa za mkopeshaji wake? Watu kumi na nyumba moja. Nani aliyezungusha bilioni 7.2? Majina yao yamo katika hukumu. Aliyenunua nyumba ya vyumba vitatu kwa bei ya kichaa alikosea, labda. Kosa lake hata hivyo aliendelea kulilipa kila mwezi, na hakuna mkutano uliofanywa Ballyconnell kwa ajili yake.

Viwanda vimepita mikononi mwa wengine. Mwaka 2014 vilinunuliwa na watu wa huko huko pamoja na wawekezaji wa Marekani, Quinn akawa mshauri wao kwa muda, kisha wakaachana mwaka 2016. Ukafuata uchomaji wa mali na vitisho, na katika Septemba 2019 mkurugenzi mmoja alitekwa nyara akateswa kwa ukatili ambao hauna haja ya kusimuliwa. Watu watatu walipatikana na hatia mwaka 2021. Quinn aliulaani uovu huo na kukana kuhusika nao kwa namna yoyote. Kesi ya wana wake na benki ilimalizwa kwa mapatano mwaka huo huo wa 2019. Kampuni, iliyokwisha kubadili jina kuwa Mannok, ilinunuliwa mwaka 2024 na Çimsa ya Uturuki, na saruji ya Fermanagh sasa ina tajiri ambaye hakuna mtu wa Ballyconnell anayedai kuwa ni wake au kuwa alinyang'anywa.

Inabaki ofisi moja. Msimamizi wa mambo ya fedha alilijua dau la Quinn kabla ya Julai 2008, na katika Oktoba ya mwaka huo ofisi yake iliitoza kampuni ya bima faini ya yuro milioni 3.25, na Quinn mwenyewe yuro 200,000, kwa kuwa fedha za bima zilikopeshwa kwa biashara zake nyingine. Maana yake ofisi ilikuwa na macho. Jaji wa mwaka 2014 alisema wazi, alipokuwa akiwahukumu wale wakubwa wawili, kwamba chombo cha serikali ndicho kilichowaongoza katika makosa, na kwa hiyo hakuwapeleka gerezani. Katika kesi zote hizi, kuanzia 2012 hata 2018, hakuna ofisa wa chombo hicho aliyesimama kizimbani. Waliitwa kuwa mashahidi.